Kidole kimoja, nusu toni moja: mwongozo wa aina za kodi za muziki na hisia zake

Kodi katika muziki ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kodi ya C meja ina tatu: C, E na G. Ipige, kisha shusha hiyo ya katikati kidogo tu, kutoka E hadi E flati, nyingine mbili uziache pale pale zilipo. Mdundo haujabadilika, ala ni ile ile, nguvu ya mkono ni ile ile. Kidole kimoja tu kimehamia kibonyezo cha jirani, lakini anayesikiliza anajua kuna jambo limetokea. Mwongozo huu umejengwa juu ya badiliko hilo dogo. Tutaanza na kodi moja, tutasogeza kidole kimoja baada ya kingine, na kila tukifika mahali tutasimama tusikilize.

Nimechagua njia hii kwa sababu ile niliyofundishwa mimi ilinichelewesha. Nilipewa karatasi yenye picha za kodi, nikakariri maumbo ya vidole, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa napiga kodi zaidi ya 30 bila kutazama karatasi. Lakini mwenzangu akipiga nimempa mgongo, sikuweza kusema kama ni meja au maina. Vidole vilikuwa vimejifunza, masikio bado. Na hisia za muziki hupitia masikioni, kwa hiyo kodi ambayo sikio halijaijua huwezi kuichagua kwa makusudi; unabahatisha tu.

Maandalizi

Kinanda chochote kinatosha, hata kile cha programu ya simu. Mwenye gitaa atumie nyuzi tatu tu kwa kuanzia: uzi wa nne freti ya 10 (C), uzi wa tatu freti ya 9 (E), na uzi wa pili freti ya 8 (G). Nimechagua mahali hapo makusudi, kwa kuwa kila sauti ina uzi wake na unaweza kusogeza moja bila kugusa nyingine. Msipokuwa na ala kabisa, watu watatu wanaoweza kushika sauti wanatosha: mmoja aimbe do, wa pili mi, wa tatu so.

Nusu toni ni umbali kutoka kibonyezo kimoja hadi kinachofuata, kiwe cheusi au cheupe. Kwenye gitaa ni freti moja. Flati maana yake sauti imeshushwa nusu toni, shapu imepandishwa nusu toni, kwa hiyo G shapu na A flati ni kibonyezo kile kile. Kutoka C hadi C ya juu yake kuna nusu toni 12, na kodi zote tutakazozipiga hupatikana kwa kuhesabu nusu toni hizo. Huhitaji kujua kusoma noti.

Jambo moja nakuomba ulizingatie: kila kodi mpya, ipige, iache ilie mpaka iishe yenyewe, kisha andika neno lako kabla ya kusoma langu. Maneno yangu ni ya sikio langu. Ukisoma kwanza utasikia nilichokuambia, na zoezi litakuwa limepotea.

Hatua ya 1: kaa kwenye meja

Anzia C, hesabu nusu toni 4 ufike E, hesabu 3 ufike G. Hiyo ndiyo meja: 4 kisha 3. Ukianzia kibonyezo kingine chochote ukahesabu hivyo hivyo, umepata meja ya kibonyezo hicho. Sauti ya kuanzia tutaiita mzizi, ya katikati ni ya tatu (kwa kuwa katika do, re, mi iko nafasi ya tatu), na ya juu ni ya tano.

Wengi huandika furaha, au mwanga. Mimi huandika utulivu. Meja ni kodi isiyodai kitu. Ukiishia hapo, hakuna anayesubiri zaidi. Sababu mojawapo iko ndani ya sauti yenyewe. Uzi ukitetema hautoi sauti moja peke yake. Juu yake huambatana sauti nyingine hafifu ambazo mitetemo yake ni mara 2, mara 3, 4, 5 na 6 ya ile ya msingi. Ukipiga C nzito ya chini, hizo sauti za juu ni C, G, C, E na G. Yaani meja nzima imo tayari ndani ya sauti moja, na ukiipiga unatamka kwa nguvu jambo ambalo uzi ulikuwa unalinong'ona. Mitetemo ya sauti zake tatu hupangana kwa uwiano wa 4:5:6. Tukichukua A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, wenzake kwa uwiano huo ni 550 na 660. Kinanda cha kisasa huzisogeza kidogo, takriban 554 na 659, ili kiweze kupiga katika funguo zote 12, yaani wimbo uanzie sauti yoyote, bila kuonea mmoja, na sikio hulisamehe hilo.

Sasa piga C, kisha F (F, A, C), kisha C tena, polepole sana, kwa mkono mwepesi. Je, hiyo ni furaha? Kwangu inafanana zaidi na mtu aliyekwisha kulia na sasa ametulia. Ndiyo maana sipendi fundisho la kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Lina ukweli nusu, nao ukweli nusu huwafanya wanaoanza waweke meja kila penye shangwe na maina kila penye msiba, mpaka nyimbo zao zote zifanane.

Hatua ya 2: shusha ya tatu

E iwe E flati. Kwa gitaa, uzi wa tatu urudi freti ya 8. Hesabu imegeuka: 3 kisha 4. Hii ndiyo maina.

Huzuni, ndiyo, lakini sikiliza tena. Kuna siri, kuna ukali fulani, kuna heshima. Sauti za maina nazo zinapatana, ila uwiano wake ni 10:12:15, namba kubwa kuliko zile za meja, na ya tatu haimo miongoni mwa zile sauti za juu za mzizi zinazosikika kwa urahisi. Kodi imesimama imara kwa sababu C na G hazijaguswa, lakini katikati yake mna kivuli.

Piga maina hiyo hiyo kwa mdundo wa haraka, mkono wa kushoto ukiirudia C chini kwa nguvu. Huzuni inakimbia. Kinachobaki ni ari na ubishi, jambo la kuinua watu wacheze. Mdundo una uwezo mkubwa sana juu ya hisia ya kodi, na anayefundisha kodi bila kulitaja hilo anamwacha mwanafunzi nusu ya njia.

Kabla hujaendelea, ondoa kabisa hiyo ya tatu. Bakiza C na G. Haina furaha wala huzuni. Ina nguvu na uwazi kama ukumbi usio na samani. Wapigaji wa gitaa la umeme lenye mkwaruzo huitegemea sana kodi hii ya sauti mbili, kwa kuwa mkwaruzo huzalisha sauti za ziada, na ya tatu ikiwemo mambo huvurugika haraka. Nasi imetuonyesha kwamba sura yote ya kodi, iwe ya kung'aa au ya giza, imebebwa na ile sauti ya katikati.

Hatua ya 3: gusa ya tano

Rudi kwenye maina (C, E flati, G) na sasa shusha G iwe G flati. Hesabu ni 3 na 3. Hii ni diminishi.

Wengi huandika hofu. Kutoka C hadi G flati ni nusu toni 6, nusu kamili ya zile 12, na umbali huo hauna upande: sikio halijui liegemee chini au juu. Maina ilikuwa na kivuli lakini miguu yake ilikuwa chini. Hii imeondolewa sakafu. Haikai mahali pamoja muda mrefu. Iweke kati ya kodi mbili kama daraja, na hofu inageuka kuwa hamu ya kufika ng'ambo.

Turudi kwenye meja, C, E, G, lakini safari hii pandisha G iwe G shapu. Hesabu ni 4 na 4. Hii ni ogimenti, na ni kodi ambayo wanaoanza huidharau kwa kuwa ikipigwa peke yake inasikika kama kosa. Neno langu kwake ni kuelea. Umbali kati ya sauti zake ni sawa pande zote, kwa hiyo hakuna inayoonekana kuwa mzizi wa kweli. C ogimenti, E ogimenti na A flati ogimenti ni vibonyezo vile vile vitatu. Kwa hesabu hiyo, katika kinanda kizima mna kodi nne tu za ogimenti.

Isikilize mahali inapofaa. Shikilia C na E, na kidole cha juu kipande hatua kwa hatua: G, G shapu, A, B flati. Kisha piga F. Kidole kimoja kinapanda ngazi, na kila ngazi inaongeza shauku, mpaka F inapopokea yote. Ogimenti pale katikati haisikiki kama kosa tena. Ni pumzi inayovutwa ndani.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Josh McDermott walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi waliyoifanya miongoni mwa Watsimane, jamii inayoishi katika msitu wa Amazon nchini Bolivia na ambayo haijaguswa sana na muziki wa Magharibi. Waliwasikilizisha sauti zinazopatana na sauti zinazogongana, na Watsimane walizipa zote alama sawa za kupendeza, ingawa waliweza kuzitofautisha. Kwa hiyo huenda hofu tunayoisikia katika diminishi kwa kiasi kikubwa tumefundishwa na muziki uliotulea. Hilo halipunguzi thamani ya kujifunza kodi. Linakuambia kwamba unapotunga, unazungumza na kumbukumbu za msikilizaji wako, na kwamba neno lako na langu vinaweza kutofautiana bila yeyote kuwa amekosea.

Hatua ya 4: pandisha na shusha ya tatu kupita kiasi

Kutoka meja, E ipande iwe F: C, F, G. Kwa gitaa uzi wa tatu uende freti ya 10. Kwenye vitabu vya kodi huandikwa Csus4. Ya tatu haipo tena, mahali pake pameshikwa na ya nne, nayo inabanana na G kwa toni moja tu. Shikilia. Karibu kila sikio lililozoea muziki wa aina hii linaomba F irudi E. Ukiirudisha, unasikia kama mtu ametua mzigo. Usiporudisha, umeuacha mlango wazi, na wakati mwingine ndivyo wimbo unavyotaka.

Sasa kinyume chake, E ishuke mpaka D: C, D, G. Hii ni Csus2. Haina haraka ile ya mwenzake. Neno langu ni nafasi: asubuhi kabla ya sauti za watu. Wanaotunga muziki wa kusindikiza picha na maneno huipenda kwa sababu haimlazimishi msikilizaji kusikia lolote. Ukiiacha E mahali pake na kuiongeza D juu, umepata Cadd9, meja iliyopakwa mwanga kidogo. Hizo nakuachia uzichezee mwenyewe.

Hatua ya 5: ongeza sauti ya nne

Hapa ndipo pana utajiri wote, kwa hiyo usiharakishe. Hata ukikaa hapa wiki nzima hutakuwa umepoteza.

Piga C, E, G na uongeze B juu yake. Hii ni meja saba, Cmaj7, kwa kuwa B iko nafasi ya saba ukihesabu kutoka C. Kwa gitaa, uzi wa kwanza freti ya 7. Kabla ya kuandika neno lako, ondoa C na usikilize zilizobaki: E, G, B. Hiyo ni E maina nzima! Umepiga meja na maina kwa wakati mmoja, moja imeegemea nyingine, ndiyo maana kodi hii ni tamu na ina uchungu ndani yake. Ni kumbukumbu ya jambo jema lililokwisha pita. Jazi na bosanova zimeitumia sana kama mahali pa kupumzikia, na wimbo ukiishia hapo hausemi "mwisho", unasema "basi tuishie hapa kwa leo".

Njia hiyo ya kuondoa mzizi na kusikiliza kilichobaki juu ndiyo iliyonifungulia kodi za sauti nne kuliko maelezo yoyote niliyowahi kupewa. Tuendelee nayo.

Shusha B iwe B flati: C, E, G, B flati. Hii ni C saba, yaani C7, ambayo wanamuziki huiita pia ya dominanti. Ondoa C. Zilizobaki, E, G na B flati, ni diminishi. Ile kodi isiyo na sakafu imefichwa juu ya mzizi wa meja, nayo ndiyo inayoitia kodi hii kiu. E na B flati ziko umbali wa nusu toni 6, na kila moja inataka kusogea: E ipande kwenda F, B flati ishuke kwenda A. Zikifika huko umetua kwenye F meja. Hakuna msukumo ulio wazi kuliko huu katika muziki wa kodi. Ukitaka msikilizaji ajue kuwa kiitikio kinakuja, mpe kodi ya saba kabla yake.

Buluzi waliikataa sheria hiyo. Katika mzunguko wake wa vipimo 12 mna kodi tatu, na zote huweza kuwa za saba: C7, F7, G7. Hata nyumbani, yaani kodi ambayo wimbo huanzia na kurudia, ni C7. Kodi ambayo kwingine ingeomba kwenda mahali, hapa imeambiwa ikae, na kile kiu hakizimwi. Kinageuka kuwa ladha yenyewe ya muziki: ukali na utamu, malalamiko na ucheshi katika pumzi moja. Nikisikia mtu anasema kodi ya saba "lazima" itue, mfano wangu wa kumjibu ni huu.

Kutoka C7 shusha E iwe E flati. Sasa ni C, E flati, G, B flati: maina saba, Cm7. Ondoa C na utasikia E flati meja. Basi kumbe hii ni maina iliyovishwa meja kichwani. Huzuni imelainika. Mtu huyu hajalia. Amekaa dirishani anawaza. Ndiyo maana Cm7 huvumilika kupigwa dakika nyingi mfululizo bila kuchosha, na nyimbo nyingi za mdundo wa taratibu hujengwa juu ya maina saba mbili tu zikipokezana.

Shusha G iwe G flati: C, E flati, G flati, B flati. Hii ni nusu diminishi, Cm7b5. Juu yake mna E flati maina, kwa hiyo ni diminishi iliyobeba maina: mashaka pamoja na majonzi. Kodi yenye umbo la sauti hizi ndiyo inayofungua opera ya Richard Wagner kuhusu Tristan na Isolde, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1865. Sauti zake ni F, B, D shapu na G shapu, na wanamuziki mpaka leo huiita kodi ya Tristan. Kilichoifanya ijulikane ni subira yake: hamu inayoamshwa na kodi ile haitoshelezwi kikamilifu mpaka kurasa za mwisho, saa kadhaa baadaye. Kwa matumizi ya kila siku, ijaribu hivi: Bm7b5 (B, D, F, A), kisha E7 (E, G shapu, B, D), kisha A maina. Hiyo ndiyo njia iliyopigwa sana ya kurudi nyumbani kwenye maina.

Mwisho, shusha B flati iwe A: C, E flati, G flati, A. Hii ni diminishi saba, hatua za 3, 3, 3, na ya nne ingekurudisha C. Zipo tatu tu katika kinanda kizima. Nyingine zote ni hizo hizo zikianzia sauti tofauti. Filamu za zamani zimeitumia mno kwenye vitisho hata imechakaa kidogo kwa kazi hiyo. Lakini ina uwezo mwingine ninaoupenda zaidi. Shusha C iwe B, umepata B7. Rudisha, ushushe E flati iwe D, umepata D7. Rudisha, G flati iwe F: F7. Rudisha, A iwe A flati: A flati saba. Chumba kimoja, milango minne, kila mlango unaelekea ufunguo mwingine wa muziki, na kinachoufungua ni nusu toni moja. Wapigaji wa nyimbo za injili huipitisha haraka kati ya kodi mbili za jirani, mfano C, kisha C shapu diminishi saba, kisha D maina saba. Vitisho vyote vimeondoka. Kinachosikika ni besi inayopanda ngazi kwa madaha.

Hatua ya 6: ziweke njiani

Mpaka hapa tumezisikiliza kodi zikiwa zimesimama. Sasa zitembee, maana kodi ile ile hubadilika kutegemea ilikotoka.

Piga C, G, A maina, F, kila moja vipigo vinne, zunguka mara nne. Pumzika. Halafu piga kodi hizo hizo ukianzia A maina: A maina, F, C, G. Hakuna kodi mpya. Lakini mzunguko wa kwanza umetoka nyumbani ukapita kwenye kivuli. Wa pili umezaliwa kwenye kivuli na unauona mwanga kwa mbali. Mtunzi anayejua hili hahitaji kodi nyingi.

Jaribu na hii: C, F, F maina, C. Sikiliza ndani yake sauti moja tu, ile inayotoka A, ikashuka A flati, ikatua G. Wimbo ulikuwa wa meja tangu mwanzo na umerudi kwenye meja, lakini ile maina iliyopita imeacha alama. Ningepewa kumfundisha mtu mfuatano mmoja tu maishani mwangu, ningechagua huu. Uweke mwishoni mwa mstari unaozungumzia kuagana au kushukuru. Usiuweke kila ubeti. Ukizoeleka unageuka kuwa pambo.

Kinyume chake ni kumaliza wimbo wa maina kwa meja ya mzizi ule ule: wimbo mzima uko A maina, kodi ya mwisho kabisa iwe A meja. Watunzi wa Ulaya wa karne ya 16 walifanya hivyo mara kwa mara. Ni nusu toni moja tu, C kuwa C shapu, nayo inafika ikiwa imechelewa, wakati msikilizaji ameshakubali huzuni yake.

Hatua ya 7: chini au juu, karibu au mbali

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mikono yako itakufundisha. C, E, G zikibanwa pamoja kwenye eneo la besi hunguruma na kutatanika, kwa sababu huko chini sauti za jirani husumbuana sikioni. Huko tumia mzizi na ya tano tu, ya tatu ipeleke juu. Ukizitawanya sauti hizo hizo, C chini, G katikati, E juu, kodi inapata hewa.

Kubadilisha sauti ya chini nako hubadilisha uzito. C yenye E chini yake inasikika kama iko safarini. C yenye G chini inasikika kama imesimama kwa ncha za vidole ikingoja kutua. Jaribu mfuatano wa C, G yenye B kwenye besi, A maina: besi inashuka C, B, A kama mtu anayeteremka ngazi, na wimbo mwepesi unapata simanzi bila kuongezwa hata maina moja zaidi.

Hatua ya 8: zoezi la kila siku

Kwa dakika 10, mwombe mtu akupigie kodi huku umempa mgongo. Aanze na meja na maina tu. Ukipatia 9 kati ya 10 kwa siku tatu mfululizo, aongeze diminishi na ogimenti, kisha sus4, kisha zile za sauti nne, moja baada ya nyingine. Usiseme jina kwanza. Sema neno uliloliandika, halafu jina. Kama huna mtu, jirekodi kwa simu kodi 20 bila mpangilio, sema jina la kila moja baada ya kimya cha sekunde tano, na usikilize kesho yake utakapokuwa umesahau.

La pili ni hili, na hili ulifanye ukiwa peke yako. Imba G moja, uishike, vuta pumzi unapohitaji lakini usiiache. Chini yake piga kodi hizi polepole: C. Kisha E maina. Kisha C maina. Kisha E flati meja. Kisha A maina saba. Kisha A flati meja saba. Kisha E diminishi. Kisha G7, na urudi C. Koo lako halijahama hata kidogo. Ni G ile ile iliyokuwa ya tano, ikawa ya tatu, ikawa ya saba, ikawa mzizi. Simama kwenye kila kodi mpaka usikie G yako imebadilika rangi, kisha andika neno.